Betri ya Nne

Ilyasi alikuwa anafunga duka nilipofika, nikamzuilia mlango kwa mguu. Sikuwa na muda wa adabu. Kaka yangu Mutsinzi alikuwa amepotea siku ya pili katika bonde la Masaka, na mkewe, Kirezi, alikuwa amenipigia simu sasa hivi akinong'ona kwamba sauti ya mumewe inasikika kwenye mafunjo. Majirani walikuwa wamekataa kushuka tena mpaka asubuhi. Tochi kubwa ninayo, ya betri nne. Betri zake ndizo zilikuwa zimekufa.

Ilyasi huchagua betri za kuchaji kama watu wanavyochagua mchele. Aliziweka moja moja kwenye mzani wa jikoni, kwa sababu zile za uongo, zilizoandikwa namba kubwa kubwa, huwa nyepesi. Gramu arobaini na saba. Arobaini na saba. Arobaini na saba. Akazipima na umeme, zikalingana.

"Iko tatu tu," akasema. "Ya nne itakuja kesho."

Nikamwambia anitilie yoyote. Akakataa. Betri za tochi moja ziwe za pakiti moja, umri mmoja, zichajiwe pamoja. Nilijua. Mutsinzi mwenyewe alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Kila pakiti aliitia alama kwa rangi yangu ya kucha, ile ya zambarau, nukta moja mpaka nne, ili zisiachane. Nilikuwa namcheka.

"Mimi iko na moja."

Mtu alikuwa amesimama nyuma yangu, kwenye ngazi. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na mvua hatukuiona wiki sita. Alinuka tope. Akaweka betri yake kwenye mzani, imegandwa na udongo mweusi.

Gramu sitini na moja.

Ilyasi akaupima umeme wake. Ulikuwa umejaa. Hata hivyo aliirudisha mezani haraka na kujifuta mkono. "Oya," akaninong'oneza. "Hiyo usichukue, dada."

Nikamuuliza yule mtu bei.

"Hapana franga. Utanirudishia kule."

Sikuuliza kule ni wapi. Nilifuta ncha zake kwa kitenge, nikaingiza zote nne, nikasimamisha pikipiki.

Kirezi alikuwa ukingoni mwa shamba lao la mboga, kwenye mfereji mpya ambao Mutsinzi aliuchimba mwezi uliopita. Jumatatu jioni alishuka kuufungia maji, tochi yake mkononi, basi, hakurudi. Kirezi ana mimba ya miezi saba. Alijishika tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanionyesha mafunjo.

Kimya. Hata vyura...

"Kamikazi... mulika."

Ilikuwa sauti ya kaka yangu, ikiniita kwa jina. Nikashuka mbio, nikawasha.

Alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, amenipa mgongo. Nilimwita. Akageuka polepole. Uso wake ulikuwa mzima, na nililia kwa furaha, nasema kweli. Zilibaki hatua kumi. Kisha tochi ikaanza kuchemka mkononi mwangu. Mwanga ukawa wa njano. Ukacheza.

Mutsinzi hakunitazama mimi. Aliitazama tochi.

"Umechanganya," akasema.

Giza.

Nikasikia maji yakigawanyika, na kitu kikivutwa... mbali, mbali zaidi. Harufu ya plastiki iliyoungua ikanijaa puani.

Niliifungua tochi kwa mwanga wa simu. Betri tatu mpya zilikuwa za moto, hazishikiki. Ya nne ilikuwa baridi, inachuruzika maji, na udongo wake wote umeoshwa.

Nukta nne za zambarau.

Asubuhi majirani waliikuta tochi ya Mutsinzi kwenye ukingo. Ndani yake kulikuwa na nukta moja, nukta mbili, nukta tatu. Nafasi ya nne ilikuwa wazi. Nilipomsimulia Mzee Salvator, jirani yetu, habari za yule mtu wa dukani, alisema mtu wa aina ile huonekana bondeni kila mfereji mpya unapochimbwa. Akaishia hapo, akaanza kuzungumzia bei ya maharage.

Nilihamia kwa Kirezi. Ile betri ya nne niliificha kabatini, na kila jioni nguo zinazoizunguka hulowa. Kila jioni sauti ya kaka yangu huita kutoka kwenye mafunjo. "Leta ya nne." Kirezi anataka niirudishe, mumewe atoke. Mimi namkumbuka yule mtu wa tope, aliyesema kwamba nitamrudishia yeye. Jana tuligombana mpaka tukalala bila kuagana.

Leo nimerudi kutoka kazini nikakuta kabati wazi. Betri haipo, na tochi ya Mutsinzi haipo. Ndala za Kirezi ziko kwenye mfereji.

Kule chini tochi inawaka. Mwanga wake ni mweupe, imara, hauchezi hata kidogo, mwanga wa betri nne za pakiti moja. Unapanda kuja huku.

Nimezima taa za nyumba. Nasikiliza hatua ndani ya maji.

Ni za watu watatu.