Jina la Nyuma

Kibodi ilikuwa na mafuta.

Si mafuta ya mtu aliyekula chipsi akasahau kunawa. Ilikuwa shahamu, nyeupe, imejaa katikati ya vitufe, na Mama Waya alipoigusa ilimnata kidoleni kama kamasi. Akaifuta kwa kitambaa cha spiriti, akaenda kuchukua chai. Aliporudi, shahamu ilikuwepo tena, na safari hii ndani yake umelala unywele mrefu wa kijivu, usiofanana na nywele za mtu yeyote mle ofisini.

"Nani amekaa kwenye kiti changu?" akauliza.

Wenzake wakacheka. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mitandao wa kiwanda, na jina la Mama Waya walimpa kwa sababu kila ukimtafuta yuko chini ya meza, nyaya zimemzunguka shingo. Kwa usafi wake walisema angeweza kuosha hata maji.

"Kiwanda cha sabuni kikose mafuta?" mmoja akamjibu. "Basi na bucha likose nyama."

Akacheka nao, yakaisha. Lakini sufuria za kiwanda zilikuwa zimezimwa, zinangoja boila itengenezwe, na ile harufu haikuwa ya sabuni. Ilikuwa ya shahamu iliyochacha, harufu ile inayokwenda kukaa nyuma ya ulimi, ukajikuta unaimeza pamoja na mate.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana msiba huu watu waliujengea nyumba wenyewe. Kila anwani ya mtandao ina mkia, yale maneno mafupi yanayokuja baada ya nukta ya mwisho, na wengi wetu tunatumia mikia ya wote, kama bomba la mtaa. Siku hizi kampuni kubwakubwa hazitaki tena kupanga foleni bombani. Zinajinunulia mkia wao, jina lao lenyewe likae mwisho wa kila anwani. Mkurugenzi wa kiwanda hiki, kijana aliyerithi kiti cha baba yake kabla hakijapoa, alikwenda mkutanoni akaona wakubwa wenzake wanavyotamba na mikia yao, akarudi hashikiki. Maombi yakapelekwa, wanasheria wakala walichokula, mkia ukapatikana: nukta, halafu jina la kampuni. Jina lenyewe mimi silitaji. Nina watoto, na mdomo wangu bado nauhitaji.

"Kuanzia leo sisi ni familia," Mkurugenzi akawatangazia kwenye sherehe. "Kila mfanyakazi, na kila mtoto wa mfanyakazi, anapewa anwani yake. Jina lake mbele, letu nyuma."

Wafanyakazi wa siku nyingi wakatazamana. Marehemu baba yake, aliyeanzisha kiwanda, alikuwa na mwiko mmoja. Jina la kampuni liandikwe kwenye sabuni, kwenye mapipa, kwenye malori, hata juu ya paa, ila lisiandikwe kamwe kando ya jina la mtu. Vitambulisho vyao vilikuwa na picha na jina la mwenyewe, basi. Mchapaji aliwahi kukosea akaongeza la kampuni, na mzee akavichoma vyote uani kwa mkono wake. Watu wakasema ni ubahili wa wino. Binadamu hakosi jibu.

Kazi ya kuingiza majina ikamwangukia Mama Waya. Watoto wa wenzake walikuja na majina mawili mawili, lake mtoto na la baba. Wa kwake alikuwa na moja tu. Kipusa alikuwa darasa la pili, na baba yake alimkana tangu yuko tumboni, akahama mtaa, akaoa kwingine, akaendelea kunenepa. Mama naye aliona haya kuliweka jina lake nyuma ya la mwanawe, watu wasije wakajua. Kwa hiyo darasani mwalimu akiita, wenzake wanaitwa mawili, Kipusa anaitwa moja, na hakosekani wa kucheka. Basi mama alipoandika jina la mwanawe, akaweka nukta, na la kampuni likatokea nyuma yake, roho yake ilitulia kama ya mtu aliyetua mzigo. Jioni akamwonyesha kwenye simu.

"Na mimi nina la nyuma," Kipusa akasema. Akayasoma yote mawili kwa sauti, tena na tena, mpaka anakwenda kulala.

Mama akafurahi. Tusimlaumu, ni mzazi.

Haukupita muda mrefu, mto wa Kipusa ukaanza kulowa. Mama alidhani jasho, akaugusa, mkono ukateleza. Akafua foronya kwa maji ya moto, na maji yalipopoa yaliganda mabonge meupe kwenye beseni, akayamwaga bafuni huku amejiziba pua, na tundu la maji machafu likayapokea kwa mlio wa kunyonya, mlio wa kibogoyo anayefyonza uboho kwenye mfupa. Akasimama pale, beseni mkononi. Mlio ulipokwisha, tundu likacheua.

Tangu hapo hakula nyama tena. Chai aliyokunywa ilikuwa na utando juu. Nywele za mtoto zilishikamana hata ukizisugua vipi, na shingoni, nyuma ya masikio, mikunjoni mwa viwiko kulikuwa na uji mweupe uliokuwa ukirudi kabla taulo halijakauka. Nasema kweli, hata nikimsimulia mtu, natema mate.

Akawauliza wenzake kazini, kwa aibu. Ndiyo, wakasema, na watoto wao walinuka kidogo siku zile za mwanzo, halafu wakapona. Wa kwake peke yake ndiye alikuwa anazidi.

Jumapili mchana, jua linawaka, watoto wa jirani wanapiga kelele uani, mama aliona kimya cha Kipusa kimezidi akaenda kumtazama, akamkuta bafuni amechuchumaa juu ya tundu la maji machafu, mche mzima wa sabuni mkononi, anautafuna taratibu kama muwa, mate meupe yanamchuruzika kidevuni hadi kwenye gauni, na kila akimeza anainama anasikiliza chini, anaitikia kwa kichwa, halafu anaukata tena kwa meno, na katikati ya meno yale madogo zimenasa nywele za kijivu.

"Kipusa. Unafanya nini, mama?"

"Baba anasema nile, ninenepe haraka."

"Baba gani?"

Kipusa akanyoosha kidole kwenye tundu. "Huyu," akasema kwa sauti ya chini. "Usipige kelele, anakula."

Asubuhi yake Mama Waya aliingia kazini akalifuta lile jina mtamboni. Likarudi. Akalifuta tena, likarudi, na pembeni mwa skrini likachuruzika tone la mafuta. Akapanda kwa Mkurugenzi. Alimkuta anajifuta shingo kwa karatasi laini, na kila karatasi aliyoitupa ilikuwa njano.

"Bosi, tuufunge huu mkia. Mwanangu anakula sabuni."

"Basi ana bahati. Anakula sabuni bora." Akacheka peke yake. "Mama Waya, mkia una mkataba. Nikawaambie watu nini, kwamba mtandao wangu umeingiwa na shetani?"

Mimi ningemtapikia mezani. Yeye alisema asante akatoka, akalia kwenye ngazi, mbele za watu.

Habari zikamfika Bi Mkubwa, mama yake Mkurugenzi, mjane wa yule mzee wa mwiko. Kesho yake mchana alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mama Waya, kajifunga pua kwa upindo wa kanga, kafuatana na mganga, bwana mfupi, msafi, mwenye viatu vya ofisi na kikohozi. Hawakuketi. Pa kuketi pasipoteleza hapakuwepo.

"Mwanangu kafanya alilokatazwa," Bi Mkubwa akasema. "Na mimi nilinyamaza, nikidhani mambo ya kompyuta hayahusiki."

Akaeleza. Marehemu mumewe alipoanza kupika sabuni, sabuni ilikataa kuganda, akafilisika mara ya kwanza, akakaribia ya pili. Akaenda nyuma ya machinjio, kwenye shimo walikokuwa wakimwaga shahamu, akamkuta mwenye shimo. Mwenye shimo akamwazima jina lake, ndilo hili la kampuni. Likikaa juu ya sabuni, sabuni itaganda. Likae juu ya kitu chochote. Ila mtu akiliweka nyuma ya jina lake, mtu huyo ni mwanawe, atakuja kumchukua.

"Na hawa wengine wote?" Mama Waya akanong'ona. "Nimewaandika kwa mkono wangu. Mbona kamng'ang'ania wangu?"

"Tumwulize mwenyewe," mganga akasema. Alimkalisha Kipusa kwenye mkeka, akaweka beseni mbele yake, akafukiza. Ubani uligeuka hewani ukanuka kama sufuria ya mafuta iliyosahauliwa motoni. Mtoto akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya maji maji, ya mtu anayesema huku ana donge kooni.

"Wale wengine nimewakuta wana baba zao nyuma yao. Nikabisha hodi, nikafukuzwa. Huyu nimemkuta hana mtu."

Mganga akamgeukia mama. "Baba yake yu hai?"

"Yuko."

"Mpigie. Aseme neno moja tu, kwamba huyu ni wangu. Hata akisema kwa simu yatosha."

Mama Waya akapiga, akaweka spika ili mganga asikie. Ikaita sana. Kisha sauti ya mwanamume, ya kuficha, na nyuma yake sahani zinagongana.

"Nakuomba kitu kimoja," Mama Waya akasema. "Mtoto anaumwa. Sema tu ni wako. Sihitaji kingine maisha yangu yote."

Mwanamke akasikika kwa mbali akiuliza ni nani.

"Umekosea namba, dada," yule bwana akasema, akakata.

Bi Mkubwa akatukana tusi zito ambalo sikutegemea mama wa heshima analo. Mganga akakohoa, akafikiri.

"Basi wewe," akamwambia mama. "Sisi kwenye kazi zetu hata hatumwulizi mtu baba yake. Tunauliza kazaliwa na nani. Taja jina lako, weka nyuma ya lake, na usione haya."

Mama Waya akapiga magoti kwenye ule utelezi, akamshika mwanawe mashavu, akasema jina la mtoto na jina lake mwenyewe nyuma yake, mara ya kwanza kwa sauti ya kukwama, halafu akapaza, jirani wakasikia, watoto uani wakanyamaza, akaendelea kusema huku machozi na mafuta vinamchanganyikia midomoni, na kila alivyosema ndivyo tumbo la Kipusa lilivyopanda na kushuka, shingo ikatuna, macho yakamtoka, kikapanda kitu kooni, kikakwama, kikapanda tena, hadi akatapika donge kubwa kama ngumi, jeupe lenye njano, lililosokotwa kwa nywele na vipande vya kucha. Likaanguka ndani ya beseni, plo. Likatulia. Kisha likavuta pumzi.

Harufu ikapungua papo hapo. Ngozi ya mtoto ilikauka, na macho yakawa yake, ya Kipusa yule yule. Mama yake akaanza kucheka na kulia.

"Bado," mganga akasema. "Asiliguse mtu. Amebaki mtoto mwenyewe. Aseme yeye ni wa nani, nilifunike nilichome, yawe yamekwisha."

"Sema, mama yangu," Mama Waya akamwambia. "Sema wewe ni wa nani."

Kipusa alimtazama. Halafu akaitazama simu, iliyokuwa bado mkekani.

"Yule aliyesema umekosea namba ndiye baba?"

Mama akataka kudanganya, akashindwa. "Ndiye."

"Alijua ni mimi?"

Mganga alikwisha kulielewa swali, akaanza kuivuta beseni taratibu kuelekea kwake.

"Huyu ananiita kila siku," Kipusa akasema. "Ananiita yote mawili."

Akainama. Hakuwa na haraka. Akaliokota donge kwa mikono miwili, kama mtoto anavyookota mkate wake ulioanguka, akalishindilia mdomoni. Watu wazima watatu wakamrukia, wakamshika mikono, ikawateleza, wakamshika taya, ikawateleza, na yeye anatafuna tu, kucha zinalia katikati ya meno yake, mpaka akameza yote akajilamba vidole.

Bafuni tundu likacheua.

Kipusa akaunyoosha mkeka, akakaa vizuri. Akamwangalia mama yake kwa adabu kubwa.

"Karibu," akamwambia. "Baba anauliza, utalala au unaondoka?"