Fremu ya Luhende

Walakutu walikuwa kazini tangu asubuhi. Ni vijidudu vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, na vikimwagwa juu ya kitu kikuukuu hutawanyika na kuanza kula: kutu, tope, grisi iliyoganda, rangi iliyopakwa juu ya rangi. Kisichokuwa cha asili hakiponi. Fremu ambayo juzi ililetwa imefura kutu, hata ungedhani ni mfupa wa ng'ombe aliyefia porini, sasa iling'aa mezani, nyembamba na nyepesi. Ilikuwa ya baiskeli ya mashindano, ya enzi zile watu walipokuwa bado wanashindana kwa miguu yao wenyewe.

Mhandisi Kokushubira, ambaye wenzake walimwita Koku, aliitazama na chai yake ikampoa mkononi. Katika Karakana ya Urejeshaji pale Mwanza alikwisha kufufua mitambo chungu nzima ya makumbusho, na hakuna hata mmoja uliomnyima raha. Lakini fremu hii ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa njiani.

Bi Nkwimba alitoka Maswa. Miaka ishirini na kitu iliyopita mwanawe Luhende aliingia kwenye mashindano ya kuzunguka ziwa, na siku ya mvua kubwa akapotelea msituni, yeye na baiskeli yake. Alitafutwa weee, hakuonekana. Ndugu walitaka kuweka matanga, mama akagoma. Alilie nini, na hajaona hata kiatu? Sasa mashine za kuzoa vyuma chakavu, zinazopita mikoa yote ya ziwa na kuchanganya mzigo wote pamoja, zilikuwa zimeibuka na fremu hii, namba yake imekwanguliwa. Ikithibitika kuwa ni ya Luhende, mama angekubali kwamba mwanawe amekufa. Na wa kumwambia hivyo alikuwa Koku.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Hata kiti hakukitaka. Aliizunguka meza, akaipapasa fremu kwa vidole viwili, akaguna.

"Tumeirudisha kama ulivyoomba," Koku alisema. "Kama ilivyokuwa siku ya mashindano."

"Imekuwa mpya mno. Zikiwa mpya zote zinafanana."

"Ndiyo maana tunacho Kisomachuma." Koku akaifunga fremu kwenye stendi, chini ya jicho la mashine. "Ukikalia chuma, Mama, kinainama kidogo sana, halafu kinarudi. Lakini ndani kinabaki na alama. Mashine hii inazisoma alama zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kisha inamchora kwa mwanga aliyekuwa akiipanda. Uso hatutauona. Tutaona mwili unavyokwenda."

"Goti la kushoto alilivunja utotoni. Alipanda juu ya ghala la watu, mtundu yule! Basi akipandisha mlima alikuwa analitupa nje, hivi." Bi Nkwimba akalitoa goti lake nje ya kanga kuonyesha, bila haya yoyote.

Koku akawasha. Juu ya fremu likainuka umbo la nuru, mgongo umeinama, miguu inazunguka. Kwenye tambarare lilikwenda kama mpandaji yeyote. Kisha njia ikaanza kupanda, na goti la kushoto likatupwa nje.

"Ndiye!" Mama yule alishika mdomo. "Ndiye huyo. Mjinga wangu huyo."

Koku hakufurahi. Alijua kinachofuata. Alama za siku ya mvua zikafika: fremu ikatikisika, umbo likarushwa pembeni, fremu ikabaki bila mpandaji.

"Pole sana, Mama," alisema, akanyoosha mkono kuzima.

"Ngoja. Amepanda tena."

Ni kweli. Umbo la nuru lilikuwa limekaa juu ya fremu. Lilikwenda polepole, kama mtu anayetoka kuugua. Koku akakodolea macho saa ya mashine. Haikuwa siku ileile. Ilikuwa miezi saba baadaye, na goti la kushoto lilikuwa likitupwa nje.

Miaka ikaanza kupita mbele yao. Halafu kwenye bomba la juu, katikati ya mikono ya mpandaji, kikatokea kiuzito kidogo.

"Ni nini hicho hapo mbele?"

"Ni mtoto, Mama. Amempakia mtoto."

Lo! Bi Nkwimba alijipiga paja, kofi likasikika karakana nzima. "Alikuwa hai! Alikuwa hai na hakuja! Mimi kila mvua ikinyesha nakaa mlangoni namngoja, kumbe mwenzangu anapakia watoto! Ewe Luhende, mbwa wewe, nilikukosea nini?" Alilia kwa hasira, akijifuta kwa kiganja, na macho hayakubanduka kwenye ile nuru. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Ana kilo ngapi?"

"Hapo kumi na mbili. Sasa kumi na tisa."

"Basi anakula," alisema, na kicheko kikamponyoka ndani ya kilio. "Anakula vizuri, mjukuu wangu."

Kwa kitambo wakawa wanamtazama mtoto akikua. Kisha uzito wa baba ukatoweka. Aliyekanyaga pedali sasa alikuwa mdogo, miguu inazifikia kwa shida, na nyuma yake umekaa mzigo unaomzidi yeye mwenyewe. Akaendelea hivyo peke yake, mzigo kwa mzigo, hadi alama zikaisha mwaka jana. Mwanga ukazimika.

"Baba yake hayupo," Koku alisema kwa taabu.

"Nimeona. Mtoto asingebebeshwa magunia kama baba angekuwa mzima." Mama akajifuta uso. "Basi Luhende amekufa. Na mtoto yupo, anateseka. Yuko wapi?"

"Chuma hakitaji mahali, Mama."

"Mzigo ule ulikaa juu ya nini? Mbona fremu hii haina keria?"

Koku akaitazama fremu. "Ilikuwa nayo. Ilichomelewa baadaye, si ya asili. Asubuhi mashine iliniuliza kama ikatwe, nikakubali."

"Nipe niione. Marehemu mume wangu alikuwa fundi baiskeli. Keria hazifanani, mwanangu. Mafundi wa kila mji wana rangi yao na jinsi yao ya kuzikunja miguu. Nikiiona tu nakwambia imetoka wapi."

Koku alikwisha kutoka mbio. Alipita ghalani, akapita kwenye mizani, akafika kwenye tanuri la kuyeyushia mabaki akihema. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamna kitu.

"Shehena ya asubuhi imeyeyushwa," tanuri lilisema kwa upole.

"Picha zake ziko wapi?"

"Nyongeza zisizo za asili hazihifadhiwi picha."

Kanuni hiyo aliiandika yeye mwenyewe, ili mashine zisijaze takataka kwenye kumbukumbu. Alirudi mezani. Bi Nkwimba sasa alikuwa amekaa.

"Imeyeyuka, Mama. Nisamehe."

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. "Lakini ilipokatwa ulikuwepo," alisema.

"Nilikuwepo."

"Basi uliiona. Kaa hapa. Fumba macho, usiwe na haraka. Tuanze na rangi."

Koku akafumba macho. Aliukumbuka mlio wa chuma kikianguka sakafuni, na kidole chake kikibonyeza, na chai. Zaidi ya hapo hakuona kitu, kwani alikuwa amegeuka kusoma ujumbe wa bosi wake. Alijikamua kweli kweli. Alipofumbua macho alimkuta mama yule amemwinamia, midomo inamcheza kana kwamba anamsaidia kulitamka neno. Kusema "sijui" kukamshinda.

"Kijani," alisema.

"Kijani! Iliyokolea, au ya majani machanga?"

"Iliyokolea."

"Nyamkole!" Bi Nkwimba aliruka juu kama msichana. "Hao ni mafundi wa Nyamkole, ng'ambo ya ziwa. Niitie gari, mwanangu. Nikiondoka sasa hivi nitafika mapema, nianze kuuliza nyumba kwa nyumba."

Koku aliita gari. Likajibu kwamba limefika getini. Hapo ndipo alipomtazama mama yule sawasawa, akijifunga kanga vizuri kwa safari, na kanga yenyewe ilikuwa ya kijani iliyokolea. Ilikuwa mbele ya macho yake tangu alipoingia.

"Mama..." alianza.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umenipa mjukuu." Akambana viganja kwa mikono yake miwili, akatoka. Gari likaondoka kuelekea Nyamkole, na Koku alikuwa bado amesimama mlangoni, hajasema neno.