Jenereta la Baba Clara

Wale mliojenga Kibamba zamani, nyumba zilipokuwa zikihesabika na mashamba ya mihogo bado yamesimama katikati yake, mtanielewa upesi. Nyie mliokuja juzi, nisikilizeni taratibu, maana kisa hiki ni chenu pia.

Zamani hizo umeme ukikatika jioni, mtaa mzima uliguna kwa pamoja, kisha ukatoka nje. Mwanakombo, mke wa Mzee Mwinshehe, alikuwa wa kwanza kutandika mkeka barazani kwake. Jirani yake, Mwalimu Demetria, alipenya kwenye upenyo wa ua wa michongoma akiwa na sinia la mahindi ya kuchoma, binti yake Clara akimfuata nyuma. Mumewe, Leodegar, karani wa kampuni ya kutoa mizigo mjini, alikuja mwishoni na kigoda chake.

Hapo ndipo maneno yalipokolea. Mzee Mwinshehe, aliyestaafu kazi ya bandarini, alisimulia vituko vya makuli hadi watu wakashika mbavu. Leodegar naye alieleza senene wa kwao Muleba wanavyokaangwa, na Mwanakombo akaziba pua.

"Panzi, Baba Clara? Panzi kabisa mwanishawishi nile?"

"Siku ukionja, Mama Khalfani, utamsahau pweza."

Umeme uliporudi, watoto walipiga kelele za furaha, lakini watu wazima waliinuka shingo upande. Demetria alikuwa akijiambia moyoni, laiti wangechelewa kidogo kuurudisha.

Lakini raha hizo zilikuwa na upande wake wa pili. Mwaka mmoja umeme ulikatika mfululizo, barafu ya friza ya Demetria ikayeyuka na nyama yote ya sikukuu ikaoza. Nyumba ilinuka wiki nzima. Leodegar aliapa kuwa jambo lile halitajirudia kwake. Baada ya muda si mrefu akaja na jenereta jekundu, la kubebwa na watu wawili.

Tusimlaumu kwa hilo. Kununua jenereta si kosa, na siku lile jenereta lilipowashwa Demetria mwenyewe alifurahi kuliko wote. Liliwekwa nyuma ya nyumba, mbali na madirisha, chini ya kibanda cha bati. Leodegar alivuta kamba, likakohoa, akavuta tena, likanguruma. Taa zikawaka, majirani wakapiga makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyompotosha. Tangu siku ile Leodegar alianza kujiona mtu wa daraja jingine. Watoto wa mtaani walipokuja kutazama televisheni, aliwafukuza kwa sababu ya tope miguuni. Majirani walipoomba kuchaji simu, aliwaambia mashine inaelemewa. Mwisho akang'oa michongoma yote na kujenga ukuta mrefu, wenye geti la chuma na kufuli kubwa.

Umeme ukikatika sasa, familia ilikaa ndani kwenye mwanga wake. Upande wa pili wa ukuta mkeka uliendelea kutandikwa. Mara nyingine Demetria alipunguza sauti ya televisheni kwa siri, akitega sikio asikie wanacheka nini. Hakusikia vizuri, jenereta lilimzidi. Akairudisha sauti, akatulia kama mtu aliyefiwa na ndugu wa mbali.

Siku moja Mzee Mwinshehe alibisha hodi getini. Leodegar akafungua nusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, jirani. Nimekuja kwa wema. Ile mashine yako, upepo ukigeuka, moshi wote unaingia chumbani kwetu, na Mama Khalfani ana kifua. Ungeisogeza upande ule kidogo, ungekuwa umetusaidia."

"Mzee wangu, nikishafunga geti hili, yaliyomo ndani ni yangu."

Mzee Mwinshehe akasema, "Haya, baba," akaondoka zake.

Demetria aliyasikia yote. Aliona aibu iliyomfanya asimwangalie mumewe usoni. Lakini Leodegar alikuwa tayari ameudhika. "Hawataki moshi? Basi hawataunusa tena." Siku iliyofuata, kwa kuwa pia kulikuwa na fununu za wezi, aliliingiza jenereta ndani, kwenye korido ya nyuma karibu na jiko.

"Baba Clara, na huo moshi je?" mkewe akauliza.

"Mlango wa nyuma nitauacha wazi, na dirisha la jiko pia. Moshi utabaki ndani kufanya nini? Mbona mkaa tunapikia humohumo?"

Demetria akarudi kwenye kazi zake. Na kwa kuwa mara za mwanzo hapakutokea kitu zaidi ya harufu ya petroli kwenye mapazia, hata yeye akaanza kuamini kwamba mumewe alijua alifanyalo. Ndugu zangu, hatari iliyokusamehe jana haijakuahidi kitu kwa leo.

Jumamosi moja ya masika, mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baada ya chakula cha mchana umeme ukakatika. Leodegar alikuwa akingojea mpira, akaenda korido akavuta kamba. Mvua ilikuwa ikipiga kutokea nyuma, maji yakawa yanaingia hadi kwenye nyaya. Akafunga mlango. Akafunga na dirisha la jiko. Kisha akarudi sebuleni, akaketi kwenye kochi lake lililokuwa karibu na korido.

Demetria alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Clara, aliyekuwa kidato cha nne, alikuwa mezani na vitabu vyake.

"Mama, kichwa kinanigonga," Clara akasema.

"Unasoma mno, mwanangu. Meza Panadol, ukajilaze."

Maneno hayo yamemwandama Demetria hadi leo. Alimpa mwanawe kidonge na maji, akamfunika shuka, akamrudishia mlango ili kelele za mpira zisimsumbue.

Aliporudi kwenye mchele, punje zilianza kumcheza machoni. Tumbo likamchafuka. Akawaza malaria, akawaza samaki wa mchana. Akamgeukia mumewe amwambie, akamkuta kalala kinywa wazi, mpira unaendelea. Akatabasamu kidogo. Kisha akaona ni ajabu. Leodegar hajapata kulala timu yake inapocheza.

"Baba Clara." Kimya. "Baba Clara!"

Akataka kuinuka, miguu ikakataa. Hapo hofu ikamwingia, ingawa hakujua anaogopa nini. Alijiburuta kwa viwiko sakafuni kuelekea mlango wa mbele, akilitamka jina la Clara bila sauti kutoka. Akakishika kitasa, mlango ukafunguka kiasi, akaanguka kizingitini, kichwa nje kwenye manyunyu na mwili ndani.

Upande wa pili wa ukuta, Mwanakombo alikuwa akisukuma chapati. Umeme ukarudi, watoto wakapiga kelele kama ilivyo ada. Alisukuma moja, akasukuma ya pili, kisha akauacha mti wa kusukumia.

"Baba Khalfani, hebu sikiliza. Umeme umerudi, mbona jenereta la jirani bado linanguruma?"

"Kasahau," akajibu Mzee Mwinshehe.

"Baba Clara huyuhuyu? Asahau petroli inaungua? Huyo hata salamu anaipima!"

Mwanakombo akaita kwa juu ya ukuta. Hakuitikiwa. Akapiga simu ya Demetria, ikaita hadi ikakatika. Angeweza kusema, yaliyomo ndani ya geti si yetu, ndivyo tulivyoambiwa. Hakusema. Alimshikia mumewe ngazi, mzee akapanda na msuli wake kiunoni kwenye mvua, akachungulia.

"Lahaula! Mama Clara yuko chini! Iteni watu!"

Vijana wakavunja kufuli kwa nyundo. Waliwavuta wote watatu nje, wakafungua madirisha na milango yote, mmoja akajifunga shati puani akaingia kuzima jenereta. Clara alikuwa akitapika, na kutapika kwake kukawa faraja, maana walijua yu hai. Leodegar alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Majirani waliwapakia kwenye bajaji na gari la jirani mwingine, wakakimbizwa hospitali, wakawekewa oksijeni.

"Jenereta linatoa hewa ya sumu," daktari alimweleza Demetria alipopata fahamu. "Haina rangi, haina harufu. Mtu anadhani ni uchovu, analala. Mngechelewa kidogo tu, mama, tungekuwa tunazungumza mengine."

Demetria na Clara walipona. Leodegar alikaa kitandani muda mrefu, naye akafumbua macho, lakini hakurudi mzima. Sumu ilikuwa imemgusa ubongo. Mambo ya leo hayashiki, ya jana hayajui. Kazi ilimshinda, akarudishwa nyumbani. Ukimtuma mkate dukani anapotea njia. Cha ajabu, ya zamani kabisa yamebaki. Senene wa Muleba anawakumbuka, na zile jioni za giza mtaani anazieleza vizuri kuliko sisi sote.

Mzee Mwinshehe hakumwekea kinyongo. Kila akitoka kuswali alasiri huja kuketi naye barazani. Juzi Demetria alikuwa akiwaletea chai akamsikia mumewe akisema, "Hivi yule Mzee Mwinshehe wa bandarini alihamia wapi? Alikuwaga anatuchekesha sana. Nimemkumbuka."

Mzee Mwinshehe alikuwa ameketi ubavuni pake, bega kwa bega. Akainama akatazama mikono yake. Demetria akasimama na sinia mkononi.

"Yupo, Baba Clara," mzee akajibu kwa sauti ya chini. "Hajahama. Leo ngoja mie nikusimulie badala yake."

Akaanza kusimulia kisa kimoja cha zamani, cha kuli na gunia la karafuu. Na Leodegar akacheka mpaka machozi yakamtoka.

FUNZO

Wazazi wenzangu, jenereta si la kuwashwa ndani, wala koridoni, wala stoo, wala jikoni, hata kama dirisha liko wazi. Mahali pake ni nje, mbali na milango na madirisha yako na ya jirani yako. Mvua ikizidi, lizime mkae gizani. Giza halijaua mtu. Na mkiwa ndani linanguruma, mkaanza kuumwa vichwa wawili watatu kwa wakati mmoja, msitafute vidonge. Tokeni nje kwanza, mkiwa wote.

Lakini moshi wa Baba Clara ulianza kabla ya petroli. Ulianza siku aliyoona hahitaji mtu. Jirani aliyekuja kwa wema angeweza kumwokoa kwa neno moja dogo, naye akaufunga mlango kwa kiburi. Mwenye kukwambia "sogeza kidogo" msikilize, huenda uhai wako umo katika maneno yake. Na wewe uliyefungiwa geti, usiache kutega sikio. Mwanakombo angesusa siku ile, leo tungekuwa na makaburi matatu.