Zima, Washa

Mara ya kwanza kompyuta ilipojizima na kujiwasha yenyewe, mke wa karani alikuwa katikati ya barua ya mteja, maana kazi yake ilikuwa kuchapa barua za watu pale pale sebuleni. Ilipowaka, barua ilikuwepo salama, ila chini yake palikuwa na mstari ambao hakuuandika: Nimekula dakika kumi. Akadhani ni utani wa mumewe. Mumewe, ambaye utani na yeye hawajawahi kukutana, akampigia simu fundi.

Fundi alikuwa anakula. Akatoa ushauri ule ule ambao mafundi wote huutoa mdomo ukiwa umejaa. "Ikisumbua, zima, washa. Ikirudia, na wewe rudia."

Karani ni mtu wa kufuata maagizo. Wiki nzima alizima, akawasha.

Fundi alipojitokeza hatimaye, saa nane mchana, mke wa karani alimpokea kwa bashasha. "Karibu, fundi. Hukupotea njia?" Sebule ilinuka nywele zilizoungua. Fundi akafungua boksi la mashine, akapuliza vumbi, akagusa huku na kule kutafuta joto, asilione. Akabadilisha pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha mashine umeme. Ikawaka, ikatulia, ikatoa mlio wake wa kujizima, ikawaka tena.

"Karibu, fundi," mke wa karani alisema nyuma yake, kwa bashasha ile ile. "Hukupotea njia?"

Fundi akacheka. Karani hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka jikoni.

"Usimwambie kitu," alinong'ona. "Akiambiwa analia, kisha anasahau kinachomliza. Ilianza na dakika, zikaja siku. Jana aliniuliza mama yake atakuja lini, na tulimzika miaka minne iliyopita."

"Mmemwona daktari?"

"Hakuona kitu. Mganga naye aliishia mlangoni. Alinusa tu, akasema ni jini, linakula siku za mtu, na kila tulipozima na kuwasha tulikuwa tunalikaribisha mezani. Akauliza nani alitushauri hivyo." Karani akatazama sakafu. "Sikukutaja."

Fundi alitamani angetajwa, angalau atukanwe.

"Tumeoana miaka kumi na moja," karani aliendelea. "Leo asubuhi alikuwa ameshasahau minane. Ikifika yote, fundi, hatanijua mimi ni nani. Nifanyeje?"

Fundi akarudi sebuleni kufanya anachokijua. Alichomoa waya ukutani, na ili asibakize shaka akachomoa na upande wa nyuma ya mashine, akabaki ameushika waya wote mkononi huku feni ikiendelea kuzunguka, harufu ya nywele ikizidi hadi machozi yakamtoka, na herufi zikijipanga moja moja kwenye skrini bila kidole cha mtu kugusa kibodi: Nimekula miaka tisa.

"Mume wangu," mke wa karani alisema taratibu, akimtazama mumewe kichwani. "Mbona una mvi?"

Fundi aliibeba mashine ile kifuani, akaondoka nayo karibu mbio. Kwenye karakana yake aliichomeka, akaiacha inawaka siku tatu mfululizo. Haikujizima hata mara moja. Siku ya nne, moyo ukiwa mwepesi, alipiga simu ya karani. Akapokea mkewe.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Ni fundi, mama. Naomba mzee. Mwambie mashine imepona."

Akaisogeza simu karibu na mdomo. Kisha akaongea kwa sauti ya chini, kama anayejificha. "Kaka, sikujui, lakini nisaidie. Kuna mzee hapa sebuleni, amekaa mbele ya meza tupu, analia. Anasema ni mume wangu. Mimi sijaolewa."

Fundi aliibana simu sikioni. Ndani ya simu, kutoka kule kwenye meza isiyo na kitu, alisikia ule mlio wa kujizima, halafu wa kuwaka. Alisikia karani akiomba kwa sauti iliyokauka, "Basi, tafadhali, basi."

"Haloo?" mke wa karani alisema tena, safari hii kwa sauti nyembamba ya mtoto. "Mama ametoka. Nimwambie ni nani?"