Kipingamizi cha Milka

"Sauti ya nani, Njoroge?"

Milka alisimama kwenye mlango wa jikoni, simu ya mchumba wake mkononi, unga wa chapati umemganda hadi kwenye viwiko. Hakuwa mtu wa kuchungulia simu za watu. Ililia juu ya friji, akaichukua ampelekee, na macho yakasoma kabla hajayakataza.

Njoroge alikuwa akibadilisha nyuzi za gitaa sebuleni kwake, Sparkbrook. Alikuwa na miaka sitini na sita. Ujanani alipiga bluzi katika hoteli za Nairobi, kisha akaja Birmingham akaendesha basi miaka ishirini na mitatu. Sasa amestaafu, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akirekodi albamu yake mwenyewe, gitaa la bluzi likitembea juu ya ule muziki wa soul wa zamani aliokua akiusikia redioni.

"Sauti gani, Milka?"

"Ngoja nikusomee. 'Papa Njo, nimesikiliza wimbo wa saba mara nne. Sauti ile inaniua, mon Dieu! Sitamwambia Milka, naapa.' Ni Sylvie huyo na Kifaransa chake, mpiga kinanda wako. Haya, sema. Sauti ya nani?"

Njoroge akakohoa. Uzi wa gitaa ukamponyoka.

"Aa, hiyo. Ni mwanamke tu alipita studio."

"Ana jina?"

"Si ungengoja tu harusi ipite, mpenzi? Nitakueleza kila kitu."

"Harusi ipite! Niolewe kwanza, ndio nijue nimeolewa na nani?"

"Milka, chapati inaungua."

"Iungue!"

Alivaa koti juu ya aproni akatoka. Ndani ya basi la kwenda kwake Northfield alibadilisha kiti mara tatu, na bado akapitwa na kituo. Alijaribu kuomba, maneno yakakataa. Miaka tisa alikuwa mjane wa Kibet, na miaka yote hiyo alijua kuomba. Leo kila akifumba macho alimwona mwanamke asiye na uso, amesimama mbele ya maikrofoni.

Simu ikatetemeka. "Milka pokea tafadhali."

Akaandika: "Jina lake."

"Siwezi kusema kwa simu."

"Basi tutaonana kanisani."

Kesho yake, Jumapili, ilikuwa mara ya tatu ya kutangazwa ndoa yao. Mchungaji alivaa miwani, akafungua daftari.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, natangaza ndoa kati ya Njoroge wa Sparkbrook na Milka wa Northfield. Mwenye kujua sababu ya kuizuia, aseme sasa."

Milka akasimama.

Mama wa nyuma yake akamvuta sketi. "Kaa chini, dada. Bi harusi hasimami saa hii."

"Nina kipingamizi, Mchungaji."

Kanisa zima likageuka. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mum, can she do that?"

"Kipingamizi juu ya nani, Milka?" Mchungaji aliuliza.

"Juu ya bwana harusi. Ana mwanamke kwenye albamu yake, na jina lake hataki kulitaja."

Mchungaji akavua miwani. "Njooni ofisini, nyote wawili. Kwaya, tupeni wimbo. Uwe mrefu."

Ofisini, Njoroge hakujitetea. Alitoa simu, akaiweka juu ya meza, akabonyeza.

Kwanza maji ya bomba yalisikika, na vikombe vikigongana. Kisha mwanamke akiimba wimbo puani, polepole, na gitaa likimjibu kwa chini. Kisha yule mwanamke akanong'ona: "Bwana, nikimpenda huyu, usiniache nimsahau Kibet. Na kama ni dhambi kufurahi tena, nionyeshe."

Milka akashika ukingo wa meza.

"Hiyo... hiyo ni mimi."

"Ni wewe. Siku ile ulituletea chapati studio. Tulikuwa mapumzikoni, wewe unaosha vikombe pale kwenye sinki. Kulwinder, fundi wetu, huwa hazimi mashine ya kurekodia. Nikashika gitaa nikakufuata. Sylvie akaingia na kinanda, mpiga ngoma akaingia. Hatukupanga."

"Nilidhani mnafanya mazoezi."

"Nilitaka kuupiga ukumbini siku ya harusi. Kama zawadi."

"Mbele ya watu?"

Njoroge akaizima simu.

"Ungekuwa na mwanamke," Milka alisema, "ningejua la kufanya. Ningekuacha, nilie, yaishe. Lakini hayo yalikuwa maneno yangu na Mungu! Hata watoto wangu hawajawahi kuyasikia. Umeyasikia, ukanyamaza, ukampa na Sylvie ayasikilize mara nne!"

"Sylvie hajui Kiswahili vizuri kiasi hicho..."

"Njoroge!"

"Samahani."

"Toa sauti yangu humo."

"Haitoki. Tunarekodi kama walivyorekodi wale wa zamani, wote chumba kimoja, mara moja. Sauti yako imo ndani ya gitaa langu, imo ndani ya ngoma. Ukiitoa, hakuna wimbo."

"Basi pasiwe na wimbo. Au pasiwe na harusi. Chagua mwenyewe."

Mchungaji alifunga daftari taratibu. "Tangazo limesimama mpaka Milka aseme vingine," akasema. Kule nje kwaya ilikuwa imefika ubeti wa kumi na moja.

Siku nne Milka hakutulia. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi alitandika kitanda kimoja mara mbili. Alhamisi mchana akaitwa mapokezi. Njoroge alikuwa amesimama pale na mkebe wa biskuti.

"Sikai," alisema. "Nimekuletea hiki."

Ndani ya mkebe kulikuwa na mkanda mwembamba wa kurekodia, wa kahawia, umezungushwa vizuri.

"Ndio wimbo wa saba. Kulwinder ameukata kwa wembe mbele yangu. Ya simu yangu nimefuta, ya Sylvie pia. Hakuna nakala nyingine duniani."

"Na albamu?"

"Itatoka na nyimbo tisa."

"Ulikuwa ndio wimbo mzuri kuliko zote?"

Aliangalia viatu vyake. "Miaka arobaini nimetafuta kupiga gitaa namna ile. Siku ile lilikubali."

"Mbona huniombi nibadili nia?"

"Nilishakuibia mara moja, Milka. Na nikakudanganya. Sitaki kuongeza la tatu."

Akaenda zake kituoni, mgongo umeinama kidogo.

Milka alirudi kazini na mkebe kwapani. Alikuwa akimchana nywele bibi mmoja pale bibi alipogeuka kumtazama. Ndipo akagundua kwamba alikuwa akiimba puani ule ule wimbo wa saba, na kwamba hasira aliyokuwa nayo tangu Jumamosi ilikuwa imekwisha.

Zamu ilipoisha akampigia Njoroge simu.

"Mko studio?"

"Tuko. Kulwinder anafunga saa kumi na moja."

"Mwambie angoje."

Alifika na sare yake ya kazi. Sylvie akamkimbilia mlangoni, machozi tayari. "Mama Milka, pardon! Mimi nilisikia tu uzuri, maneno sikushika, vraiment."

"Nimekusamehe. Futa uso, tuna kazi." Akamgeukia Njoroge. "Maombi yangu yamebaki nyumbani, humo hayaingii tena. Lakini sauti ni yangu, na leo nimeileta mwenyewe. Na kabla mashine haijawashwa, niulizwe."

Kulwinder akaweka kidole juu ya kitufe, akamtazama. "Milka, may I?"

"You may."

Wakapiga wote chumba kimoja, mara moja. Njoroge hakumtangulia hata kidogo. Alimngoja kila mahali.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alivaa miwani, akasoma tena majina yale mawili.

"Mwenye kujua sababu ya kuizuia ndoa hii, aseme sasa."

Kanisa zima likageuka kumtazama Milka. Njoroge alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza.

"Unafanya nini?" Milka alimnong'oneza.

"Naomba."

"Unaomba nini?"

"Hayo ni yangu na Mungu."

Milka akacheka, akamshika mkono, akainua uso.

"Endelea, Mchungaji. Sisi tuko tayari."