Maji ya Mama Nabila

Siku chache baada ya mazishi, Kulusum alikuta kikombe kando ya kitanda cha marehemu mama yake kina maji nusu. Mwenyewe alikuwa amekiosha na kukifudikiza.

Majirani pale Koboko walikuwa wakimwambia apumzike, na walisema kweli. Tangu mama yao huyo, Mama Nabila, apooze, Kulusum ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamnywesha uji. Mdogo wake Sharifah alikuwa Arua akiuza vitenge, akipiga simu tu.

Lakini kila Kulusum alipojilaza mchana, harufu ya kafuri aliyopakwa maiti iliingia, kisha sauti ikatoka chumba cha pili: “Kulusum, maji.” Aliinuka, akapeleka. Akirudi kutazama, kikombe kitupu. Miguu ikamvimba, hata akaanguka uani juu ya mihogo iliyoanikwa.

Sharifah akaja mbio kutoka Arua, akamwita Fakih Abdunoor, msomaji wa dua.

“Siku mama alikufa, wewe ulikuwa wapi?” Fakih aliuliza taratibu.

Kulusum akainamia mkeka. “Nilikuwa kitandani, macho. Yeye aliita maji. Mimi nikasema moyoni, ngoja kidogo, mgongo inauma. Usingizi ikanichukua. Nilipoamka, alikuwa baridi.”

Sharifah alijiziba mdomo. “Na mimi hata sikuwa hapa,” akanong’ona.

“Maiti hanywi maji, binti yangu,” Fakih alisema. “Ile iko jini. Imeona hatia yako, ikachukua sauti ya mama. Lala. Ikiita, usiamke. Mama mwombee tu. Mwili pia iko na haki yake.”

Akamsomea, akaondoka. Sharifah akaketi mlangoni, Kulusum akajilaza.

Kafuri ikaja. “Kulusum, maji.” Hakuinuka. Sauti ikaita tena, ikalia kama mama alivyolia maumivu yalipomzidi, kisha nyayo zikaburuzwa sakafuni, zikavuka ukumbi, zikaingia hadi kitandani, na mkono wenye baridi ukampapasa shavu, ukashuka shingoni, huku pumzi ikimwambia sikioni, “Uliniacha mara moja, utaniacha tena?” naye akauma shuka, machozi yakimtoka, akimwombea mama yake kimoyomoyo mpaka mkono ukalegea, nyayo zikarudi zilikotoka, na nyumba ikanyamaza.

Akalala usingizi asioujua tangu mama augue.

Alipozinduka mwili ulikuwa mwepesi, na njaa inamuuma. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akamkuta Sharifah chumba cha mama, amepiga magoti, ameshika kikombe juu ya mto mtupu. Maji yalikuwa yakipungua, funda kwa funda, wala tone halikudondoka.

“Sharifah! Toka hapo!”

“Sauti chini, dada,” Sharifah alinong’ona bila kugeuka. “Rudi ulale. Mama anasema wewe umechoka. Sasa ni zamu yangu.”

Kulusum alijua lililompasa: kukipokonya kikombe kile, kumburuta mdogo wake nje, kumkimbilia Fakih. Baadaye aliyafanya yote hayo, na hayakufaa kitu. Lakini pale mlangoni, kabla hofu haijamfikia, Mungu amsamehe, alichohisi kwanza kilikuwa nafuu.