Nyekundu ya Asan

Saa mbili asubuhi, mtaa wa hekalu wa Boudha hauna pa kuweka mguu. Watu wote hulizunguka lile kuba jeupe kuelekea upande mmoja, vikongwe kwa vijana, tasbihi mkononi, moshi wa ubani puani. Choedon peke yake alikuwa anakuja kinyume. Jasho lilimtoka, joho lake la chuba, la kijivu, limepinda kiunoni, macho chini akitafuta hereni iliyomdondoka. Akamvaa mtu kifua kwa kifua.

"Dada, umezifuata dhambi ulizoziacha nyuma?" yule kijana akauliza.

"Natafuta hereni yangu. Nipishe."

"Kwa kuzunguka kinyume? Utaokota laana, si hereni."

Choedon akainua uso ili amkomeshe, ndipo akaiona mikono yake. Ilikuwa ya buluu hadi viwikoni.

"Na wewe umemkaba nani, hata akakuchafua hivyo?"

Kijana akacheka mpaka bibi mmoja akamsukuma kwa fimbo apishe njia. "Ni nili, dada. Naitwa Gonpo, mtia rangi mpya wa Ama Dechen."

Kwa huyo Ama Dechen, mama mwenye karakana, ndiko Choedon alikokuwa akifuma mazulia kwa miaka sita. Hereni haikupatikana, na baada ya wiki mbili mwenyewe hakuikumbuka tena.

Gonpo alichemshia sufu yake juu ya paa, Choedon alifumia ghorofa ya chini, na kati yao kulikuwa na simu.

"Kipenzi, umepiga mafundo mangapi?"

"Ulipopiga simu, hesabu ikanipotea."

"Basi panda juu, uone manjano niliyoitoa leo."

"Jana uliniita kuona kahawia. Wewe rangi zako haziishi?"

"Zitaisha ukikubali kunioa."

"Nikuoe mimi? Mwanamume huyu hana haya!"

Naye alikuwa akipanda. Wenzake walimtania kwamba Choedon anafuma kwa mdomo, naye akacheka pamoja nao, lakini neno hilo lilimchoma.

Mwaka mpya ulikuwa unakaribia, na Choedon alikuwa na zulia la harusi ya mpwa wa Ama Dechen: mawingu meupe juu ya uwanja mwekundu. Nyekundu ya Gonpo ilitoka kwenye mizizi ya milimani, hupondwa, hulowekwa, huchemshwa siku nzima. Kwa kucheka na simu, Choedon alikosea hesabu ya sufu aliyomwagiza. Zulia likabakiza upana wa kiganja kimoja kumalizika, na nyekundu imekwisha. Mizizi mingine ingefika baada ya siku kumi. Angesema tu, wangemcheka siku moja, yakaisha. Hakusema. Alikwenda soko la Asan, akanunua sufu nyekundu ya rangi ya kiwandani, akaifuma. Ilipokuwa kavu, hakuna aliyeona tofauti.

Siku ya kuliosha walilitandaza uani, wakalimwagia maji na kulisukuma kwa makafi ya mbao. Ndoo ya tatu tu, nyekundu ikaanza kutembea. Iliingia kwenye wingu la kwanza, kisha la pili. Wote wakageuka kumtazama Gonpo.

"Gonpo," alisema Ama Dechen, "hii ni rangi yako?"

Gonpo alilitazama zulia, akamtazama Choedon. Choedon aliangalia viatu vyake.

"Nyekundu ya hapa huipika mimi, Ama-la," Gonpo akajibu taratibu.

"Basi kaa nyumbani kwako mpaka nikuite."

Jioni ile Gonpo alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula," Choedon akadanganya.

"Una la kuniambia?"

"Hapana. Nimekukumbuka tu."

"Haya," Gonpo akasema, akakata. Tangu hapo Choedon akimpigia, simu iliita, haikupokewa.

Choedon alijionea aibu hata kunawa uso mbele ya kioo. Wafumaji walisema Gonpo ni tapeli, anatia rangi za pakiti na kusingizia mizizi. Aliyasikia yote, akaendelea kupiga mafundo.

Siku ya kumi na mbili, Yudon aliyekaa naye ubao mmoja akasema, "Huku Boudha hakuna anayemtaka tena. Anarudi Pokhara kwa mjomba wake, leo hii."

Choedon akasukuma kando kikombe chake cha chai ya siagi. Akasimama.

"Nyekundu ile ni yangu. Niliinunua Asan. Gonpo hana kosa."

Ama Dechen, aliyekuwa akinywa chai nao, akaweka kikombe chini.

"Siku kumi na mbili unakaa hapa na kunywa chai yangu, jina la mwenzio linaoza?"

Choedon akainamisha kichwa.

"Utayang'oa mafundo yale moja moja, mbele ya hawa wote. Gonpo nitamwomba radhi kwa upande wangu. Upande wako nenda mwenyewe, mimi si mshenga wako."

Choedon alimkuta Gonpo nyumbani kwake anafunga begi, mikono imeshatakata, na utakato ule ulimuumiza kuliko kitu chochote.

"Nimewaambia wote. Nyekundu ile niliinunua mimi."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu ndoo ya tatu. Choedon, mimi nishindwe kuijua nyekundu yangu?"

"Na ukanyamaza wakutukane? Si ungenitaja!"

"Nilikupigia, nikakuuliza kama una la kuniambia."

Choedon akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mikono miwili. Alitamani apigiwe kelele, lakini Gonpo hakupiga kelele.

"Nisamehe," alisema kati ya vidole.

"Ungesema siku ya pili, ya tatu ningekuja na mshenga. Kumi na mbili, Choedon!"

"Basi ndiyo unaondoka?"

Gonpo aliliweka begi sakafuni. "Ama Dechen kakupa adhabu gani?"

"Niyang'oe mafundo. Kama elfu sita."

"Kayang'oe. Ukimaliza la mwisho, nipigie."

Choedon alikaa siku nne mbele ya lile zulia, wenzake wakimtazama, na hakuna aliyemtania. La mwisho lilipotoka, vidole vilikuwa vimechubuka, ikamwia vigumu kubonyeza namba ya Gonpo.

Simu iliita mara moja tu, ikapokewa.